Uzi Chini ya Mlango

3 Februari

Dada mpendwa,

Shikamoo, na Mama mpe yake kabla hajaidai. Huku tu wazima, ila vumbi la saruji limenikaa kifuani na daktari amenikataza kwenda kwenye majengo. Nimeitii amri yake hadi saa ya chakula cha mchana.

Mwandiko huu mzuri si wangu, usije ukadhani miujiza imetokea. Ni wa binti mchoraji wangu wa ramani. Mimi nasema, yeye anaandika, na majibu yako ananisomea yeye. Kwa hiyo ukitaka kunitukana, tukana kwa adabu, hapa kuna mtoto wa watu. Najua ungependa simu. Lakini Mama alituapisha siku ile tulipogombana kwenye simu kuhusu jiwe la kaburi la Baba. Alisema tuandikiane, maana kwenye barua hakuna anayemkata mwenzake kauli.

Sasa habari yenyewe. Nimepewa shule! Mimi niliyeitwa Nanga kwa sababu nilitia nanga darasa la tatu na sikung'oka, nimepewa kuchora shule nzima ya ghorofa mbili. Cheka, nami nilicheka.

Unajua ninavyofanya kazi. Wenzangu huanza na rula, mimi huanza na miguu. Nafumba macho, naingia langoni, natembea. Napapasa kuta, nafungua milango, napanda ngazi, huku nikimwambia mchoraji ninachokiona naye anachora. Jengo likinikwaza mahali, najua hapo pana kosa. Hospitali na kituo cha mabasi nilivitembea hivyo kabla hata msingi haujachimbwa.

Lakini shule hii ina jambo lake. Mwisho wa korido ya chini, chini ya ngazi, kuna mlango. Ni mdogo, wa mbao, wa rangi ya kijivu. Mimi sikuuweka, na mchoraji anasema hajauchora. Jana niliupita nikaendelea na safari. Pengine uzee unabisha hodi.

Ni mimi mdogo wako,
Nanga


26 Februari

Nanga,

Marahaba. Barua yako imefika imelowa kona, na Mama amenisomesha mara mbili, ya pili ili asikie vizuri habari ya kifua apate la kukulaumu. Anasema vaa fulana ndani. Mimi nasema msikilize daktari, huna kifua cha akiba.

Sisi tunasukuma siku. Tanuri limepasuka ubavuni, mikate ya kulia inaungua na ya kushoto inangoja Kiyama. Shemeji yako bado yuko barabarani na lori lake, anaandama kama mwezi. Mama anazidi kusahau. Jina la jirani limempotea, na sukari niliikuta kwenye kabati la viatu. Ila jambo moja hasahau: hataki mlango wa jikoni ufungwe. Kila alasiri nikiutia komeo, anainuka kitini na kuufungua. Anasema mmoja hajarudi shuleni. Namwonyesha Kereng'ende aliyekaa mbele yake anatafuna mkate, namwambia, "Huyu hapa, Mama." Anamtazama, anasema, "Huyu namwona. Nasema yule mwingine."

Huyo Kereng'ende wangu hujawahi kumtia machoni, basi nikupe picha. Ana miaka tisa, na jina limemkaa kwa sababu hatui. Anaanza kufunga kiatu, anaona siafu, anawafuata siafu hadi kwa jirani na mguu mmoja peku. Kusoma anajua, lakini mstari wa tatu hajawahi kuufikia, dirisha humwita kabla. Siku hizi lakini ametulia. Mwalimu wake amepata dawa.

Tulikusikia redioni! Niliongeza sauti, wateja wakasimama na mikate mikononi. Mtangazaji alikuuliza ilikuwaje mtoto aliyekimbiwa na herufi kama kuku akawa msanifu wa majengo makubwa. Ukajibu kwamba mwalimu alikufungia kwenye stoo ya chaki chini ya ngazi usiwasumbue wenzako, na kwamba leo unamshukuru, stoo ile ndiyo iliyokujenga. Duka zima lilipiga makofi. Mwalimu wa Kereng'ende naye alikusikia, alinisimamisha njiani kunipongeza.

Mimi sikupiga makofi, nilikuwa na unga mikononi. Nilikumbuka uzi tu. Ule uzi wa magunia ya unga niliokuwa nikiupenyeza chini ya mlango wa stoo wakati wa mapumziko, mimi nje, wewe ndani. Nikivuta mara mbili: nipo. Ukivuta mara mbili: nami nipo. Redioni hukuutaja.

Huo mlango wako ufute, ufanye kazi.

Dada yako


18 Machi

Dada,

Shikamoo. Kifua kimepoa na fulana naivaa, mwambie Mama. Pole ya tanuri. Mwite fundi azibe huo ufa kwa udongo wa kuchoma, si saruji, saruji itakutawanyikia kwenye unga.

Kuhusu mlango, kufuta si kazi. Kwenye ramani haupo. Uko ninapofumba macho. Nimejaribu kuingia kwa lango la nyuma, nimehamisha ngazi upande wa pili wa jengo, na mlango umehama nazo. Juzi niliusogelea. Ndani kulikuwa na mlio mdogo, tok, tok, kisha kimya, kisha tok. Nikajua ni kisigino kinagonga mguu wa kiti. Mtu aliyewahi kukalishwa kiti kirefu kuliko miguu yake haisahau sauti hiyo.

Nikafungua. Giza. Kuna mtoto amekaa kwenye kiti ameukabili ukuta, mgongo kwangu. Hakugeuka. Nikafunga mlango polepole, kama mtu aliyekosea chumba hotelini.

Nadhani nimejiona mwenyewe. Si ajabu, nimechora majumba miaka yote hii, siku ya kuchora shule lazima kichwa kilete yake. Nimeshazoea, kichwa changu hakijawahi kuomba ruhusa. Mteja anataka ramani kabla mvua hazijaisha, nami sijapita ghorofa ya chini.

Uzi naukumbuka. Redioni muda ulikuwa mfupi.

Nanga

Dada, samahani, mimi ni mchoraji, naandika haya bosi akiwa kwenye maji ya moto ya kujifukiza. Hajaniruhusu. Anapotembea hukaa kitini na mkono mmoja hewani, anapapasa. Juzi alipofumbua macho, vidole vyake vilikuwa vyeupe. Nilimfuta kwa kitambaa. Ilikuwa chaki. Ofisini kwetu hatuna chaki.


9 Aprili

Nanga,

Marahaba. Fundi amekuja, amepiga udongo kama ulivyosema, na amenung'unika kwamba wasanifu wanajua kila kitu wakiwa mbali. Mikate sasa inaiva pande zote. Shemeji yako alilala nyumbani wikendi moja, akatengeneza bomba, akaondoka.

Wewe pumzika. Mtu akifanya kazi bila kulala, hata kabati litamsalimia. Na mwambie binti wa watu kwamba chaki ni vumbi, na vumbi huingia popote pasipo na mama wa kufagia.

Ila Mama amenitia baridi. Nilipofika kwenye mtoto wa kitini alinishika mkono, akauliza, "Kamwona? Amekula?" Kisha akaenda kukaa mlangoni pa jikoni hadi jioni.

Mtoto wangu mzima. Amekuwa mpole mpaka majirani wanauliza kama anaumwa. Shuleni nadhani wamempa kazi ya kufuta ubao, maana sketi yake kila siku naikung'uta vumbi jeupe. Amegoma tu kuoga mlango ukiwa umefungwa. Ni utoto, utapita.

Dada yako


24 Aprili

Dada,

Shikamoo. Salamu kwa shemeji akionekana.

Leo sitaki utani. Barua yako ilisomwa hapa, na mchoraji alipofika kwenye sketi yenye vumbi jeupe, alisita, akanitazama. Nilifumba macho papo hapo nikaingia.

Safari hii niliacha mlango wazi nyuma yangu ili mwanga wa korido uingie. Mtoto yule si mimi. Mimi sikuwahi kusukwa nywele. Huyu ana mikia miwili, mmoja umefumuka. Kuna maboksi ya chaki hadi darini, ufagio, na ramani ya dunia iliyokunjwa. Amevaa viatu vyeusi vya shule. Cha kushoto, kile kinachogonga kiti, kamba yake ilikatika na imeshonwa kwa uzi wa rangi ya machungwa, mshono mnene wa msalaba. Ni mshono wa kufunga gunia, Dada. Sijui nyumba nyingine inayoshona viatu hivyo.

Nakuuliza, nijibu kwa neno moja: mwanao anakaa wapi darasani?

Nimevunja kiapo cha Mama. Nimekupigia simu tangu asubuhi. Inaita tu.

Nanga


20 Mei

Dada,

Hujajibu, na posta haijawahi kuchelewa hivi. Hamjambo lakini? Mama je?

Mteja amekasirika. Amesema kama ramani haziko tayari mwezi ujao, shule atampa mwingine. Nimemwambia ana haki. Siwezi kumchorea korido ambayo mwisho wake kuna mtoto.

Naingia kila siku. Siwezi kumsemesha, sauti haitoki, ni kama kusema chini ya maji. Nasimama mlangoni tu. Zamani alikuwa akigonga kiti. Sasa hagongi. Hicho ndicho kinachonitisha kuliko yote, maana najua mtoto anakuwa wapi anapoacha kugonga.

Dada, ni nani aliyemweka humo?

Nanga


2 Juni

Nanga,

Barua zako mbili zimo mfukoni mwa aproni, zimeshika mafuta. Simu niliiona ikiita. Sikupokea kwa sababu ningepiga kelele, na Mama angesikia.

Unauliza ni nani. Ni wewe.

Hii ni shule yake ya tatu. Ya kwanza walimfukuza kwa kutoka darasani kumfuata ndege. Ya pili walisema hawana mwalimu wa mtoto asiyetulia. Hii ya tatu ndiyo ya mwisho inayofikika kwa miguu, na niliwapigia magoti. Mwezi wa kwanza, mwalimu aliniita kwa upole kabisa, kanipa kiti. Akasema Kereng'ende ana akili, anachohitaji ni chumba cha utulivu, saa chache kwa siku, peke yake na kitabu chake. Nilisita. Nikamwambia nina ndugu aliyewahi kufanyiwa hivyo. Akaniambia nirudi nyumbani nikafikirie. Kisha wewe ukasema redioni. Kesho yake alinisimamisha njiani, anacheka, akaniambia, "Mama Kereng'ende, umesikia? Ndugu yako mwenyewe anashukuru. Ndiyo iliyomjenga." Ningesema nini mimi? Mimi niliyekaa nje ya mlango nikishika uzi, na wewe uliyekuwa ndani ukasema ilikuwa neema? Nikakubali.

Sijakiona chumba. Nilidhani kina dirisha.

Sasa unaniletea viatu na maboksi ya chaki. Umeijuaje ile kamba? Niliishona mimi mwezi wa tatu, hakuna aliyekuandikia. Sipati usingizi. Lakini nikienda pale kupiga meza watamtoa, na nikishamtoa hana pa kwenda, atakaa hapa ananihesabia mikate. Wewe una jina, una majengo, watu wanakupigia makofi. Nitamwambia mwalimu nini, kwamba ndugu yangu alidanganya?

Basi niambie. Sema kwa mdomo wako kwamba stoo haikukujenga. Usiniletee ndoto. Sema, nami nitakwenda.

Dada yako


19 Juni

Dada,

Naandika kwa mkono wangu. Vumilia, ni mwandiko wa mtu anayebeba matofali. Mchoraji nimemtoa nje kwa sababu haya sitaki mtu anisemee.

Stoo haikunijenga.

Redioni nilisema vile kwa sababu ndivyo wanavyotaka. Kila mwaka wanatutafuta, sisi tuliokuwa wajinga tukafanikiwa. Mfanyabiashara aliyeshindwa kusoma, daktari aliyekuwa hatulii kitini, na mimi. Wanatuuliza mateso yalitufundisha nini. Ukisema hayakukufundisha kitu, kipindi kinaharibika. Nimelisema jibu lile mara nyingi hata likanikaa mdomoni kama jino la bandia, sikulisikia tena.

Nitakwambia kilichokuwemo. Nilijikojolea mle, na mwalimu akaniachia sketi ya akiba nivae kurudi darasani. Nikaacha kugonga kiti kwa sababu nilianza kuamini kwamba nikigonga sana, ukuta utasogea. Nilijifunza kufumba macho kwa kuwa giza la ndani ya macho lilikuwa langu, la nje halikuwa langu. Humo nikatembea. Nilitoka stoo, nikapita korido, nikatoka langoni, nikafika nyumbani, nikafungua mlango wa jikoni, Mama yupo. Kila siku nilitembea hivyo. Watu wanaita kipaji. Ilikuwa njia ya kurudi nyumbani.

Hadi leo silali mlango ukiwa umefungwa. Lifti za majengo yangu mwenyewe sijawahi kuzipanda. Nilipokuwa mtu mzima daktari mmoja aliniambia kichwa changu si kibovu, kimejengwa kwa ramani nyingine tu. Nililia mbele yake kama mtoto. Mtu yeyote angeweza kuniambia hivyo darasa la tatu, bila kunifungia popote.

Kama kuna kitu kilinijenga, ni ule uzi. Mtu mmoja nje ya mlango aliyesema nipo.

Nenda, Dada. Kupata shule nyingine tutahangaika sote, hiyo ni shida ya mchana kweupe, ina watu wa kuulizwa. Nenda leo, usingoje kunijibu. Mwonyeshe mwalimu barua hii, ajue ni mimi ninayesema.

Nanga


6 Julai

Mdogo wangu,

Nilienda na aproni yangu, unga hadi viwikoni. Barua ilifika wakati mikate iko tanurini, nikaiacha iungue.

Sikuuliza ofisini. Niliingia langoni, nikashika korido ya chini, nikaenda hadi mwisho. Sikuwa nimewahi kufika upande ule, Nanga, lakini miguu ilijua. Uliniandikia yote. Mlango mdogo wa kijivu chini ya ngazi. Haukuwa na kufuli hata, kulikuwa na komeo kwa nje tu.

Alikuwa kitini, ameukabili ukuta. Mikia miwili, mmoja umefumuka. Ufagio, maboksi, ramani ya dunia iliyokunjwa. Nilimwita, hakugeuka. Nilimwita tena kwa jina lake la nyumbani, ndipo akasema, bila kugeuka, "Mama, ni wewe kweli, au ni wale wa kutembea?"

Nilimbeba. Mtoto wa miaka tisa, miguu inaburuta. Mwalimu alitukuta kwenye ngazi, akaanza, "Lakini ndugu yako alisema..." Nikasimama palepale nikamsomea barua yako kwa sauti, na milango ya madarasa ilikuwa wazi. Nilipofika kwenye sketi ya akiba nilimtia barua mkononi, akamalizia kusoma mwenyewe kimoyomoyo. Alinirudishia barua. Nami nikashika njia na mwanangu.

Sasa keti kwanza, na huyo binti akusomee taratibu.

Tulipofika nyumbani nilimwosha chaki, mlango wazi. Nikamuuliza alikusudia nini, wale wa kutembea. Akasema kuna mtu mkubwa huwa anakuja. Anafumba macho, anapapasa ukuta kama anayetafuta swichi ya taa, anasimama mlangoni, midomo inachezacheza lakini hasemi. Nikamletea picha za harusi za zamani, nyuso chungu nzima. Akaweka kidole juu yako bila kufikiri. Nikauliza kwa nini hakuniambia. Akasema, "Nilidhani ni kawaida. Yule kaka aliniambia nisimwogope, huwa anapita tu."

"Kaka gani?"

"Yule wa kwenye kona."

Nanga, anasema hakuwa peke yake mle. Nyuma ya maboksi kuna mvulana, kiti kama chake, naye ameukabili ukuta. Ana kaptura kubwa kuliko yeye, imefungwa kwa kamba. Nilikushonea mimi ile kaptura, kutoka suruali ya Baba. Anasema mvulana hakumwonyesha uso, ila alikuwa mwema. Siku alipolia sana alimpa ncha ya uzi, kamwambia akivuta mara mbili atajibiwa. Akawa anavuta, na anajibiwa. Nikamwambia mwanangu, hizo ni ndoto za mchana. Akafungua kiganja. Alikuwa nao. Ni uzi wa gunia, mchakavu, mweusi kwa uzee. Kiwanda kilichotumia uzi wa namna ile kilifungwa kabla hajazaliwa. Nimeutia ndani ya bahasha hii.

Sasa yuko nami dukani kwenye mikate. Anasoma akitembea, anazunguka meza ya unga na kitabu mkononi, na jana amefika mwisho wa ukurasa. Kumbe mstari wa tatu ulikuwa unangoja miguu. Shule tutatafuta, jirani amenitajia moja.

Lakini usiku na mchana swali lake ni moja, nalo nakuandikia kama alivyolisema: "Mama, Mjomba anakuja kila siku, anasimama, ananiangalia mimi tu. Yule kaka hamtazami hata kidogo. Mimi nimetolewa. Yeye nani atamtoa?"

Dada yako


25 Julai

Dada,

Shikamoo, na mbusu Kereng'ende. Mwambie mjomba wake amesikia. Ameambiwa ukweli na mtoto wa miaka tisa, na ulikuwa ukweli.

Yule mvulana nilimwona tangu siku ya kwanza. Niliposema nadhani nimejiona mwenyewe, nilikuwa nimeshaona kona ile. Nilipogundua kwamba aliye mbele ni msichana nilishukuru, nikapata mtu mwingine wa kumhangaikia. Yule wa kona nilimpita kama unavyompita mtu anayekudai salamu.

Leo asubuhi nilimwomba mchoraji aketi karibu yangu na asiandike chochote. Nikaushika uzi, nikafumba macho. Korido, ngazi, mlango. Kiti cha mbele kitupu. Nikasogeza maboksi. Mgongo wake ni mdogo, Dada. Mimi nilikuwa nikikumbuka mtoto mkubwa, mkaidi, aliyestahili. Mgongo ule ungeufunika kwa kiganja.

Sauti haikutoka, kama kawaida. Nikaweka ncha ya uzi sakafuni karibu na mguu wake, nikarudi hadi mlangoni ulipokuwa ukikaa wewe, nikavuta mara mbili. Nilingoja. Mchoraji anasema nilingoja hadi chai yake ikapoa. Kisha uzi ukavutwa, mara mbili, kwa nguvu, karibu uniponyoke. Binti wa watu aliuona ukikaza hewani kutoka mkononi mwangu, na upande wa pili haukushikwa na mtu. Amekwenda nyumbani mapema, simlaumu. Haya naandika mwenyewe.

Alinyanyuka, tukatoka naye. Hakutaka nimshike mkono, alishika uzi. Kwenye ramani, pale chini ya ngazi nimeweka dirisha kubwa na benchi, na mteja, ambaye mwishowe alinisubiri, amekubali. Redio nimewaomba wanirudishe niseme jibu jingine, hata likiwaharibia kipindi. Lakini hayo baadaye.

Langoni aliuachia uzi akaniuliza jambo moja, kwa sauti niliyoisahau: kama nyumbani bado kuna mkate. Nikamwambia upo. Akaondoka mbio. Hakunihitaji nimwonyeshe njia. Ile njia anaijua kuliko mtu yeyote, ameitembea kila siku macho yamefumbwa.

Sijui safari hiyo huchukua muda gani. Usiutie tena komeo mlango wa jikoni. Mama alikuwa sahihi miaka yote, na sisi tukidhani ni uzee. Mwambie yuko njiani.

Nanga